Maji ya Shimo la Juu

Kitaluni, 12 Novemba

Kijiko wangu,

Pokea salamu, halafu zisome tena, maana najua mara ya kwanza umezirukia. Mimi ni mzima. Kuku wanataga. Paa limeacha kuvuja upande wa jikoni, limehamia upande wa kitanda. Jirani yangu fundi cherehani amepata mjukuu wa tatu, na kila siku nalazimika kumsifia uzuri mtoto ambaye, Mungu anisamehe, anafanana na kiatu. Habari za yule wa ng'ambo ya kijito sizijui na sijaziuliza. Asubuhi naona moshi wake, kwa hiyo yu hai. Ni baba yako, mwulize mwenyewe.

Sasa nisikilize. Miche yangu inageuka manjano. Inaanza majani ya chini, halafu ugonjwa unapanda juu, na mche wenyewe haukui. Ya Agosti na ya Septemba sasa iko kimo kimoja, huwezi kujua ipi dada ipi mdogo. Nimeongeza kivuli, nimepunguza kivuli, nimeitukana. Haisikii.

Nina miche elfu tano na mia nne kwenye viriba, kila mmoja na mfuko wake wa udongo. Tarehe kumi Machi Bwana Misitu anakuja kukagua, na masharti yake unayajua: miche elfu nne yenye afya, na mtunza kitalu anayeweza kwenda mlimani kwa miguu yake. Akiridhika, mlima ule ulioungua tunaurudishia miti yake sisi wenyewe. Asiporidhika, unakwenda kwa kampuni ya mikaratusi, miti inayokausha maji, na kile kijito tutakuja kukisimulia tu.

Nakutumia chupa ya maji ninayomwagilia. Ni yale yale ya siku zote, ya shimo la juu msituni, uliyoyabeba utotoni mpaka ndoo ikakutoa nywele utosini. Yapime huko maabara kwenu. Dereva wa lori la mboga ameahidi kuishika chupa kama yai.

Usimwambie mtu.

Shangazi yako


Mjini, 9 Desemba

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimenizidi. Chumba changu kipya kiko juu ya duka la kutoa nakala, na ile mashine inanguruma tangu saa mbili asubuhi, nimeshaanza kupumua kwa mapigo yake. Kazini bado niko kwenye majaribio hadi Juni. Mkuu wa maabara ana tabia ya kusimama nyuma ya mtu bila kusema kitu, na mimi nadondosha vitu. Wiki iliyopita niliangusha kopo zima la karatasi za kuchujia. Akaziangalia, akaenda zake. Afadhali angesema.

Baba aliniandikia mistari minne. Anasema mgongo umepona. Hakuuliza habari zako, ila mstari wa mwisho aliuliza kama mvua imefika upande wa kitaluni, kana kwamba mimi niliye mbali ndiye nijuaye.

Kuhusu maji, nimeyapima. Yana vitu vichache kuliko nilivyotarajia, lakini hayana ubaya wowote. Endelea kumwagilia kama kawaida. Huenda ni kivuli tu, au miche imechoka viriba vidogo.

Shangazi, mwandiko wako umelala upande mmoja. Uliandika ukiwa kitandani? Au ni macho?

Mwanao,
Kijiko


Kitaluni, 2 Januari

Kijiko wangu,

Heri ya mwaka. Mwandiko wangu uache ulale, umefanya kazi miaka mingi. Macho yangu yanaona mpaka unyoya wa kuku aliye upande wa pili wa ua. Mimi ni mzima kabisa. Fundi cherehani ananiletea kuni, siyo kwamba nimemwomba, ni yeye tu anapenda kutembea.

Ulisema niendelee, nikaendelea. Tena nikaongeza, asubuhi kopo na jioni kopo. Mwanangu, miche mia sita nimeitupa. Mia sita! Iliyobaki inasimama kwa aibu. Kila asubuhi nahesabu kabla hata sijanywa chai, na kila asubuhi nasema labda nimekosea kuhesabu, naanza upya. Roho yangu iko juu juu. Nikisikia pikipiki inapanda huku nadhani ni Bwana Misitu amekuja mapema.

Nitasema wazi, maana wewe siyo mgeni. Naogopa. Miaka sita tangu mlima ule uungue sijalala usingizi wa kuridhika, na sasa nimefika hapa, na miche inanifia mikononi. Yule mwenye kiberiti anakaa ng'ambo anakunywa uji wake, mimi ndiye nakesha na majivu aliyoyaacha. Samahani. Najua ni baba yako.

Dereva yuko kwao kwa mwaka mpya; akirudi nitampa barua hii na chupa nyingine iliyojazwa asubuhi hiyo hiyo. Ni maji yale yale ya shimoni. Safari hii pima vizuri, Mama Vipimo, usinipimie kwa macho.

Shangazi yako


Mjini, 16 Januari

Shangazi,

Shikamoo. Sina habari za nyumbani leo, na dereva ananisubiri hapo chini.

Chupa imefika jana na nimeipima jana hiyo hiyo. ACHA KUTUMIA HAYO MAJI. Kuanzia unaposoma mstari huu, mwagilia maji ya mvua peke yake, na kila kiriba ukiwekee samadi iliyooza vizuri, kiasi cha kijiko kimoja cha mezani. Iliyooza, Shangazi. Isiyo na harufu.

Na unijibu swali moja tu. Maji ya shimo la juu huwa na rangi ya chai iliyolala, na huwa na chuma, kwa sababu yanapita ardhini kabla ya kufika shimoni. Nayakumbuka, yalikuwa yanaacha alama kwenye sketi yangu ya shule na mama alikuwa ananipigia kelele. Haya uliyonitumia ni ya manjano ya kijani, na chuma hamna hata chembe. Haya maji hayajagusa udongo.

Mara ya mwisho ulifika kule shimoni lini?

Kijiko


Kitaluni, 27 Januari

Kijiko,

Salamu nyingi, nimepata barua yako yenye herufi kubwa. Sikujua kwamba huko mjini mnafundishwa kupiga kelele kwenye karatasi.

Sisi huku hatujambo. Kuku mmoja ameliwa na kicheche. Fundi cherehani amenishonea mto wa kukalia, mzuri sana, wa maua. Mjukuu wake ameanza kupata sura. Mvua ni za kuibia, zinakuja kidogo zinakimbia, lakini maji ya paani nakinga, na kwa mara ya kwanza nafurahi kwamba paa lina matundu.

Samadi nimeweka. Lile pipa nimelimwaga lote. Wiki hii imekufa arobaini tu, nayo ilikuwa imeshakata tamaa zamani. Zimebaki siku arobaini na mbili.

Maswali yako mengine nitayajibu nikipata nafasi.

Shangazi yako


Mjini, 5 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pipa gani?

Barua yako nimeisoma mara nne nikitafuta jibu, nikapata kicheche, mto wa maua na pipa. Shimoni hakuna pipa. Hakujawahi kuwa na pipa.

Kabla hujanikasirikia, niache kwanza nikiri langu, kwa sababu nimelibeba tangu Desemba na linanichoma. Chupa yako ya kwanza sikuipima ilipofika. Kwenye friji ya maabara haiingii chupa isiyo na namba, na namba hutolewa kwa kazi za ofisi tu. Niliogopa mkuu akinikuta na chupa ya nyumbani, nami niko kwenye majaribio. Nikaiweka dirishani nyuma ya pazia. Ikakaa siku kumi na moja, Shangazi, kwenye jua. Mimi ninayewaelekeza wanafunzi wanaokuja maabara kwamba maji ya namna hiyo hayakai hata siku mbili! Vijidudu vilikuwa vimekula karibu kila kilichoyeyuka humo. Nilipopima nikakuta maji karibu matupu, yenye harufu, nikajua nimeharibu. Badala ya kukuandikia "nimeharibu, tuma nyingine," nikaandika kwamba hayana ubaya. Ile miche mia sita ni mimi. Nimelia sana, na mashine ya nakala imenifunika sauti.

Sasa nikueleze kinachotokea, maana ukielewa utaacha kujitukana na kuitukana miche.

Kule juu mvua inachujika kwanza kwenye majani yaliyooza miaka na miaka. Utamu wake wote ulishaliwa zamani. Kinachoyeyuka na kushuka na maji ni mabaki magumu, yale yanayoyapa rangi ya chai. Hayo mabaki hushika chuma kikabaki kimeyeyuka mpaka kifike kwenye mizizi. Halafu udongo wako mwekundu una mkono wa birika, fosforasi, chakula cha mizizi, ikishaingia haitoki. Mabaki haya yanawahi kukaa pale ambapo fosforasi ingenaswa, nayo inabaki huru, mizizi inaiokota. Ndiyo sababu miche yako miaka yote ilikuwa inapendeza, na wataalamu wakija wanashangaa huna mbolea ya dukani.

Majani mabichi yaliyolowekwa ni mambo mengine kabisa. Yanatoa sukari. Vijidudu vya kwenye kiriba vinashangilia, vinazaana, na ili vijenge miili yao vinanyakua naitrojeni yote, ile inayoyapa majani kijani, kabla ya mizizi. Mche unafika mezani wageni wameshakwangua sufuria. Na kadiri ulivyoongeza kopo ndivyo ulivyoongeza wageni.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwenye chupa ya pili. Maji ya majani mabichi, yaliyolowekwa kwenye pipa, na mtu ambaye hakwenda msituni.

Mimi nimesema langu. Sema lako.

Kijiko


Kitaluni, 14 Februari

Mwanangu,

Sikukasirika. Nilicheka kidogo kwa lile pazia.

Haya. Mwezi wa kumi, wiki ya pili, nilikuwa nashuka na ndoo mbili. Pale penye mizizi mikubwa nikateleza. Nyonga ya kushoto ilipiga jiwe, nikasikia sauti ambayo sitaki kuikumbuka. Nilishuka kwa kukaa, mwanangu, kama mtoto anayejifunza ngazi, tangu asubuhi mpaka jua la utosini. Fundi cherehani alinikuta mlangoni. Nikamwapisha asiseme. Zahanati walinifunga, wakasema nikapigwe picha hospitali kubwa. Sikwenda. Ningekwenda, kila mtu angejua.

Unajua masharti. Mtunza awe anapanda mlima kwa miguu yake. Mimi sasa hivi kutoka kitandani mpaka safu ya kwanza ya viriba natumia fimbo na matusi. Nikafikiri, rangi ya yale maji si inatokana na majani? Basi nikate majani hapa uani, niloweke pipani, yatoe rangi. Nilijiona mjanja. Nilifurahi kweli, Kijiko, siku ya kwanza nilipoona maji yamebadilika.

Kwa hiyo usibebe peke yako ile mia sita. Wewe uliharibu chupa. Mimi nilikuandikia mara mbili "maji ya shimoni" huku nikiangalia pipa. Ungewezaje kupatia?

Mingine mingi ilikufa Januari; iliyobaki hai ni elfu nne na mia moja na kumi. Yenye afya ni chini ya hapo. Baadhi imeanza kutoa kijani juu, lakini maji ya mvua peke yake hayatoshi, naona ilivyo, inaishi tu, haipendezi. Ingepata maji ya shimoni wiki tatu hizi pengine ingenyanyuka. Lakini nani aende? Fundi cherehani ana pumu. Na usinitajie yule. Alichoma shamba lake siku ya upepo, nilimwambia ni siku ya upepo, akaniambia mimi na upepo wangu. Afadhali nitambae.

Usimwandikie. Nakukataza kama shangazi yako.

Mimi


Mjini, 20 Februari

Shangazi,

Shikamoo, na nisamehe.

Dereva amebeba barua mbili. Moja ni hii. Ya pili inavuka kijito.

Sikumwambia kuhusu Bwana Misitu wala kuhusu nani alikosea. Nimemwandikia mistari minne, kama anavyoniandikia yeye. Nimemwambia umeanguka, huwezi kutembea tangu Oktoba, na maji ya shimo la juu yachotwe asubuhi, yatumike siku hiyo hiyo. Nimemkumbusha njia, ingawa najua anaijua.

Jingine nililokaa nalo kimya: nimemwambia mkuu wa maabara habari za dirishani. Alisimama nyuma yangu kama kawaida yake, nami nikageuka nikasema yote. Kasema ataandika kwenye taarifa yangu. Sijui Juni itakuwaje.

Ukinikasirikia, nikasirikie baada ya tarehe kumi.

Kijiko


Kitaluni, 24 Machi

Kijiko wangu,

Salamu. Kuku ni wazima. Mtoto wa kiatu ametoa jino. Mimi nimepigwa picha ya nyonga jana, ndiyo maana nimechelewa, na daktari amenisema kwa muda mrefu sana. Mfupa umeunga upande. Mlimani sitapanda tena. Nimeandika sentensi hiyo kwa mkono wangu mwenyewe ili niizoee.

Nilikukasirikia siku mbili. Ya tatu nilifungua mlango nikakuta ndoo mbili zimejaa, zimefunikwa kwa majani ya mgomba, maji yana rangi ya chai iliyolala. Mtu hakuna. Nikamwagilia. Kesho yake tena ndoo mbili. Siku ya tano nilikaa mlangoni mapema na mto wangu wa maua. Akaja, amenyeshewa, matope mpaka magotini, akaninyooshea ndoo huku anaangalia kuku. Nikamwambia, "Umechelewa." Akasema, "Nimechelewa miaka sita." Akaweka ndoo chini, akaondoka. Nikainamia ndoo, nilikuwa nalia na sikutaka aone.

Hakukosa siku hata moja.

Tarehe kumi Bwana Misitu alikuja na daftari lake. Alihesabu yeye mwenyewe, anagusa kila kiriba kwa kalamu. Yenye afya ilikuwa elfu tatu, mia nne na tisini. Akaniangalia. Halafu akasema, "Mama, nasikia siri yako ni maji. Nipeleke huko shimoni nikayaone."

Miezi mitano niliyadanganya macho ya watu wote kwa ajili ya siku ile moja. Nikasema, "Siwezi." Nikamweleza nyonga, nikamweleza pipa, nikamweleza mpaka habari za sukari na wageni na sufuria, yote uliyoniandikia. Nilisema kila kitu maana nilikuwa nimechoka kuogopa.

Akaenda shimoni na baba yako, aliyekuwa ameleta ndoo za siku ile. Walikaa juu saa nzima. Aliporudi viatu vyake vimelowa, na suruali ina zile alama za sketi yako. Akasema miche haitoshi mlima mzima. Nusu ya chini, ile iliyo juu ya chemchemi ya kijito, ametupa sisi, tuanze na mvua hizi. Nusu ya juu inasubiri mwaka ujao. Nikifikisha hesabu ni yetu, nisipofikisha ni ya mikaratusi. Kwa hiyo hofu haijaisha, mwanangu, imekatwa nusu tu.

Lakini daftari lilikuwa bado wazi. Akasema, "Mtunza utabaki wewe. Ila lazima niandike na mwenye miguu. Jina lake?"

Baba yako alikuwa nyuma yangu, anamimina maji kwenye pipa nililolisugua. Unajua sijalitamka jina lake tangu siku ya moto. Nimemwita yule, nimemwita wa ng'ambo, nimemwita mwenye kiberiti. Kalamu ilikuwa inasubiri. Nikalitamka. Lote, la kwake na la baba yetu na la babu. Nyuma yangu maji yakaacha kumiminika.

Andika kuhusu Juni, hata kama ni habari mbaya. Ikiwa mbaya, andika mapema zaidi.

Nakutumia chupa. Amechota yeye leo asubuhi, kutoka shimo la juu. Iombee namba, mwanangu. Dirishani isikae.

Shangazi yako